Pasipoti Yangu Haiendi Tena Kwenye Sinia

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unigombeze, maana ukurasa wako nausoma kila abiria anapoacha gazeti kitini, na najua wengi wanaokuandikia unawaambia wavumilie, wakae chini wazungumze, wape mambo muda, na mimi nasema mapema kwa heshima zote kwamba kama jibu lako ni subira basi nafasi yangu mpe mwingine, kwa sababu subira ninayo ya kutosha hata ya kugawa, nimepika kwenye treni miaka mingi na jiko la treni ni shule ya subira, sufuria inahama huku unaikoroga.

Mimi ni mpishi wa behewa la chakula katika treni inayovuka mpaka. Kila wiki tunakwenda na kurudi, kwa hiyo kwetu pasipoti si kitu cha kufungiwa kabatini pamoja na vyeti, ni kama kisu changu cha jikoni, lazima iwe karibu. Yangu inakaa kwenye mfuko wa aproni na inanuka vitunguu.

Tuna utaratibu wetu. Treni ikikaribia mpaka, mkuu wa treni anapita na sinia la chai, lile kubwa la bati, na kila mfanyakazi anaweka pasipoti yake humo, dereva, fundi, wahudumu, mimi, kisha anashuka nalo mpaka ofisi ya uhamiaji na afisa anazigonga mihuri zote kwa mkupuo, haangalii ukurasa, anagonga kama mtu anayeua mende, maana sisi si abiria na hakuna haja ya kututazama usoni. Miaka yote sikuona ubaya wake. Ni haraka, na unabaki na sufuria zako.

Sasa nikueleze kilichonifikisha hapa. Nina mdogo wangu wa mwisho, naandika nina kwa sababu mkono haujazoea kuandika nilikuwa naye. Nyumbani tulimwita Kitinda. Tulilala kitanda kimoja mpaka alipopata kimo cha kunipita, na alikuwa na tabia ya kuweka unyayo wake wa baridi juu ya wangu gizani, nikimwambia toa anasema nahakikisha tu kama upo. Mkate alianza kula kingo, akabakiza ile nyama laini ya katikati, nikidhani anajiwekea utamu wa mwisho, kumbe ananiwekea mimi. Alipokwenda ng'ambo kufanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao, kuwaogesha na kuwalisha, nilimpikia chakula cha njiani nikasahau kumwekea kijiko, akanipigia simu kutoka uwanja wa ndege akicheka kwamba amekula kwa kifuniko cha chupa.

Aliumwa kichwa asubuhi, akazimia kazini, hakuamka. Habari zilinifikia nikiwa nimeshika mwiko na treni iko njiani, nikamaliza kupika kwa sababu watu walikuwa wamekwisha agiza. Wenzake wa kazini walimzika huko huko, nami nikakaa matanga nyumbani siku chache. Kaburi lake nimeliona kwenye simu, dogo kama kidole gumba. Wenzangu waliona macho yangu mekundu mwezi mzima na hakuna aliyeuliza, jikoni kwetu mtu analia bure bila kuulizwa, vitunguu vipo.

Lakini Shangazi, silii tena kwa ajili ya kaburi, kaburi halina haraka. Kitinda ameacha binti wa miaka sita. Amerithi jina la marehemu mama yetu, kwa hiyo sote tunamwita Bibi, hata wadogo zake wa ukoo wanamwita Bibi, na yeye ananiita mama mkubwa. Baba yake aliondoka kabla hajaota meno na hajulikani alipo. Sasa hivi anakaa na rafiki wa marehemu, dada mmoja mwema ambaye naye si wa kwao kule, na dada huyo amepata kazi mpya ya kulala kazini, katika nyumba ambayo watoto hawaruhusiwi. Muhula wa shule ukifungwa mwezi wa nane anahama. Serikali ya huko imemwambia wazi kwamba asipokuja ndugu wa damu kwa miguu yake mwenyewe, mtoto atapelekwa nyumba ya watoto, na kutoka hapo atapewa familia. Ndugu wa damu wa karibu aliyebaki ni mimi.

Kuna watu wananiambia mwache, huko kuna shule nzuri, hiyo ni bahati. Nimewajibu kwamba bahati ya mtoto kuzikiwa mama na kisha kupewa wageni, wapeleke watoto wao.

Bibi ananiuliza kwenye simu, "Mama mkubwa, unakuja lini?"

Namwambia, "Wiki ijayo, mama."

"Treni yako haifiki huku?"

"Haifiki, kuna maji katikati."

"Mwambie dereva ajaribu."

Juzi dada mlezi aliniambia kwamba mtoto amehamisha viatu vyake kutoka chumbani, ameviweka mlangoni.

Nilikwenda ubalozi wa nchi hiyo kuomba viza. Karani wa dirishani, kijana mpole, alinieleza mambo mawili. La kwanza, niiache pasipoti kwao mpaka watakaponipigia. Nikauliza ni siku ngapi, akasema mpaka tukupigie. La pili, nilete barua ya mwajiri inayosema nina kazi na nitarudi. Nikaenda kwa mkuu wa treni kuomba barua. Aliweka kikombe chini akanitazama kama mtu aliyeletewa chai ya chumvi.

"Pasipoti ikiwa ubalozini, wewe utavukaje?"

"Sitavuka kwa muda huo, mkuu."

"Mpishi wa treni asiyevuka mpaka ni mpishi wa nini?"

"Basi nipe likizo."

"Likizo ulikwisha kula kwenye msiba."

Kwa hiyo Shangazi nimekaa katikati ya mlango. Nikiipeleka pasipoti ubalozini, sina kazi. Nikiwa sina kazi, sina barua. Nikiwa sina barua, hakuna viza. Na nikibaki na pasipoti mfukoni nikapika kama kawaida, kazi ninayo, barua pengine nitaipata, ila viza haigongwi kwenye pasipoti iliyo kwenye aproni.

Bado kuna jambo jingine. Karani alipekua pasipoti yangu akaniambia viza inahitaji kurasa mbili tupu zinazotazamana. Nimezihesabu zilizobaki, ni hizo mbili tu, zote nyingine zimejaa mihuri ya kwenda na kurudi, na kuibadilisha pasipoti nako ni kuisalimisha wiki kadhaa. Mpishi mwenzangu wa treni ya ndani, ile isiyovuka mpaka, pasipoti yake ni mpya haijaguswa na muhuri hata mmoja, anaitembeza kwenye mkoba na kutuonyesha kama picha ya harusi, kila tukikutana karakana ananionea wivu kwamba mimi nakwenda nchi za watu na kurudi na sabuni za bei nafuu, na mimi natazama kurasa zake nyeupe namwonea wivu yeye. Basi nikachukua kibanio cha nguo nikazibana zile kurasa mbili. Safari iliyofuata sinia liliporudi, kibanio kilikuwa kimelala kando kama mdudu aliyekufa, na muhuri umegongwa ukurasa wa jirani, wino wake umevuja mpaka ukingoni.

Safari iliyopita sinia lilipopita, sikuweka. Nilimwambia mkuu, "Yangu nitaipeleka mwenyewe." Nilizima jiko nikashuka na aproni yangu nikasimama foleni ya abiria. Sijawahi kusimama hapo maisha yangu yote. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Mama, na chakula chetu nani anakitazama?" nikamwambia, "Kinajitazama, baba, kimekwisha kua." Watu wakacheka. Nilipofika dirishani, afisa mwanamke akaniuliza, "Wewe ni abiria au ni mpishi?"

"Ni mpishi. Lakini pasipoti ni yangu."

Nikamwomba agonge kwenye ukurasa wa zamani wenye nafasi. Alinitazama, akatafuta pembe, akagonga taratibu kama anayembandikia mtoto plasta. Hakuniuliza kwa nini. Nilipotoka pale nilihisi kama nimetoka kuoga.

Mkuu alikuwa ananisubiri mlangoni mwa behewa na saa mkononi. "Treni nzima inakusubiri wewe, mke wa waziri?" Akasema mbele ya wahudumu wote, "Safari ijayo sinia likipita, pasipoti yako iwemo. Kama haimo, na wewe humo." Nami sijui maneno yalitoka wapi, mimi mtu ambaye hata kuku simfukuzi kwa sauti, nikamjibu, "Haitakuwemo, mkuu. Tafuta wa kukupikia." Kisha nikaingia jikoni nikamenya viazi.

Tuna mhudumu mmoja tunamwita Wakili kwa sababu ana jibu la kila kitu isipokuwa madeni yake. Alinifuata akaninong'oneza, "Dada, mbona unajitesa? Ipeleke pasipoti ubalozini, kisha nenda polisi useme imepotea. Utapewa hati ya dharura ya kusafiria, unaendelea kuvuka nayo kama kawaida, na mkuu anafurahi na sinia lake. Viza ikitoka unachukua pasipoti yako, unaenda zako. Mimi nawajua wawili walifanya hivyo."

"Wako wapi?"

"Walisafiri."

"Walirudi?"

"Hilo sikuwauliza."

Mimi si mtu wa uongo, Shangazi, lakini nimefika mahali uongo unaniita kwa jina langu. Sare nimekwisha ipiga pasi kwa ajili ya kituo cha polisi na safari ijayo ni wiki ijayo. Najua utasema kusema uongo ni dhambi. Na kumwacha mtoto na viatu mlangoni ni nini? Sitarudisha pasipoti yangu kwenye sinia, hilo usijisumbue kunishawishi, na sitamwacha mtoto wa Kitinda agawiwe kama kiti cha mnada, hilo pia usijisumbue. Ninachouliza ni kimoja. Nifanye alivyosema Wakili, au kuna njia nyingine ambayo mtu wa darasa la saba kama mimi sijaiona?

Kama barua hii ni ndefu mno kwa gazeti usiichapishe, lakini hata ukiitupa, naomba unikumbuke.

Ni mimi,
Mpishi wa behewa la chakula


SHANGAZI ANAJIBU

Mpishi mwanangu,

Umenigombeza kabla sijafungua mdomo, na nimekubali, wengine walionitangulia kukuudhi umewajibu kupitia kwangu. Basi sikwambii uvumilie. Subira ni ya mambo ambayo muda unayaivisha. Hili muda unaliunguza.

Pole kwa Kitinda. Nimesoma habari ya unyayo wa baridi mara mbili, kisha nikaweka barua chini nikaenda kuchemsha maji ambayo sikuyahitaji. Alikuwa anahakikisha kama upo. Sasa kuna mwingine anahakikisha, amehamisha viatu. Kwa hiyo tuache machozi kwenye vitunguu tufanye kazi.

Nianze na Wakili. Usimsikilize. Sikukatazi kwa ajili ya dhambi, hiyo utamalizana na Mungu wako, nakukataza kwa sababu ni ujinga. Siku utakayotangaza kwamba pasipoti imepotea, itafutwa. Namba yake itaingia kwenye orodha ya pasipoti zilizokufa. Viza ikibandikwa humo, imebandikwa kwenye maiti. Utafika uwanja wa ndege na sanduku lako na zawadi za mtoto, utazuiwa kaunta, na baada ya hapo kila ubalozi utakaokwenda watakuona mwongo, nawe utakuwa mwongo kweli. Unataka kwenda kuwaambia watu wa serikali ya huko wakukabidhi mtoto huku jina lako lina doa? Wale wawili wa Wakili, yeye mwenyewe hajui kama walirudi. Na sare uliyoipigia pasi usiikunje, ina kazi nyingine.

Sasa huyu mkuu wako. Ni mkuu wa treni, mwanangu, si mkuu wa maisha yako, na nina wasiwasi kama hata ni mkuu wa likizo yako. Nani amekwambia kwamba siku za msiba zimekula likizo? Yeye huyo huyo mwenye sinia. Katika kazi nyingi siku za msiba zina hesabu yake na likizo ina hesabu yake. Huenda kwenu ni tofauti, mimi sijui, lakini na wewe hujui, umeambiwa tu na mtu aliyekuwa anatetea chai yake. Miaka yote hiyo umemlisha na hukuwahi kupanda ghorofani kwa wakubwa kuuliza? Hapo nakugombeza. Upole ni tabia njema, lakini upole usiouliza maswali ni kitanda cha wenzako kulalia.

Kesho vaa hiyo sare, nenda kwa afisa utumishi. Usiende kulia, nenda kuuliza. Una likizo kiasi gani, na barua ya kuthibitisha ajira inatolewa na nani. Nakuhakikishia mwenye kutia sahihi barua hiyo habebi sinia. Ombi lako liandike nakala mbili, moja waache nayo, nyingine waigonge muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Huo utakuwa muhuri wa kwanza kuufurahia mwaka huu.

Na mkuu akirudia maneno yake ya kama haimo na wewe humo, mwombe kwa adabu zote ayaandike na kutia sahihi. Mwambie, "Mkuu, niandikie hapo nikawaonyeshe juu." Watu wa namna yake wakiambiwa waandike, mkono unakufa ganzi.

Kisha kuna jambo umeniandikia mwenyewe na hukulisoma. Unaye mpishi mwenzako wa treni ya ndani. Ana pasipoti mpya, anaitembeza kama picha ya harusi, anakufa kwa hamu ya kuvuka mpaka akanunue sabuni. Na wewe una pasipoti iliyojaa, unachotaka ni kutovuka kwa muda. Mnakutana karakana, mnaoneana wivu, kila mmoja amebeba dawa ya mwenzake mkobani, kisha mnaagana kila mtu anapanda treni yake. Mngekuwa mbele yangu ningewagonganisha vichwa. Mwendee leo, kabla ya afisa utumishi, mkubaliane, kisha ombeni pamoja mbadilishane treni kwa muda. Kwa mpango huo kazi unayo, kwa hiyo barua unayo, na pasipoti yako haihitajiki mpakani, kwa hiyo inaweza kulala ubalozini mpaka ichoke. Abiria watakula, mkuu atapata pasipoti nyeupe ya kuweka kwenye sinia. Mwambie huyo mwenzako atafute kibanio mapema.

Ubalozini usirudi na swali la siku ngapi, kwa hilo hawatakujibu. Uliza kama wanaweza kusoma karatasi zako kwanza, wakabaki na nakala ya pasipoti, na yenyewe ukaipeleka siku ya kubandika viza tu. Kuna balozi zinazokubali na kuna zinazokataa, lakini asiyeuliza amekwisha kataliwa. Waeleze kwamba unakwenda kumchukua mtoto kabla ya mwezi wa nane, wala usiseme unakwenda kutembea. Chukua cheti cha kifo cha mdogo wako, cheti chako cha kuzaliwa na chake, vyote vikionyesha mama mmoja, cheti cha mtoto, na barua ya dada mlezi pamoja na ya wale wa serikali ya huko wanaosema anahitajika ndugu wa damu. Usijitetee kwa maneno mengi. Waonyeshe jina la mama yenu kwenye vyeti viwili, na jina hilo hilo kwenye cheti cha mtoto. Watu wa karatasi wanaelewa karatasi.

Siku moja ukipata nafasi, pita idara ya uhamiaji uulize kama nchi yako inatoa pasipoti ya pili kwa watu wenye kazi kama yako. Kuna zinazotoa, kuna zisizotoa. Uliza dirishani, wala usimuulize kijana atakayekufuata nje ya geti akikuita mama.

Na mtoto. Acha kumwambia wiki ijayo. Unadhani unamtuliza, kumbe unamfundisha kwamba neno lako halina uzito, na huyu ni mtoto ambaye mama yake alitoka asubuhi kwenda kazini. Mwambie ukweli kwa kimo chake. Mwambie, "Nimepeleka kitabu changu cha kusafiria kwa watu wanaofungua njia, wakinirudishia nakuja, na kila Jumapili nitakupigia kukuambia wamefikia wapi." Kisha upige kila Jumapili, hata kama hakuna jipya. Viatu viache mlangoni. Usimwambie avirudishe.

Kuhusu foleni. Kama kuna safari nyingine kabla mpango haujakamilika, usiweke pasipoti kwenye sinia. Shuka na aproni yako usimame pale pale, muda wa kutosha kabla, jiko limezimwa, mtu asipate la kusema. Ile pasipoti ina picha yako na jina lako, na nchi yako imekukabidhi wewe. Miaka yote imekuwa ikitembea peke yake juu ya bati, na wewe umebaki ndani na sufuria. Umeipeleka mwenyewe mpakani mara moja tu, na afisa wa kwanza aliyekutazama usoni alikutafutia pembe. Kumbuka hilo kila mtu akikuuliza wewe ni nani.

Wanaweza kukukatalia. Nikikuficha hilo nitakuwa nakutendea ulivyomtendea Bibi. Wakikukatalia, chukua sababu kwa maandishi, rudi, omba tena, na uniandikie siku hiyo hiyo, nitakujibu nje ya gazeti.

Umeniomba nikukumbuke. Barua yako nimeikunja ndani ya kitabu ninachofungua kila siku, kwa hiyo hilo limekwisha. Nami nina ombi kama lako. Nina kaka yangu amelala huko huko ng'ambo, katika mji ambao sitauona, magoti yangu hayapandi tena ngazi ya ndege. Siku utakaposimama mbele ya kaburi la Kitinda, Bibi akiwa mkononi na viatu vyake miguuni, simama kidogo zaidi ya ulivyopanga. Nikumbuke.

Shangazi